Nyumba Njema si Mlango

Wazee wetu wa pwani wametuachia methali hii: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sote twaijua, na wengi wetu tumepata kumwonya nayo mwenzetu aliyedanganywa na sura ya nje. Kumwonya mwingine kwa methali si kazi kubwa. Kazi ni pale methali inapogeuka na kumwelekea yeye aliyeitamka. Juma hili nataka kuwaeleza jinsi methali hiyo ilivyonielekea mimi, padre, mbele ya vijana ambao nilikuwa nimewapeleka safari ili niwafundishe.

Vijana wa kwetu Lugoba waliomba kwa muda mrefu waende kuona mahali zilipotungwa sheria za nchi yetu. Tangu mwaka 1996 Bunge hufanya mikutano yake Dodoma, na Dodoma ni mbali kwa mfuko wa vijana walimao mahindi na mihogo. Basi tukakubaliana kwenda Dar es Salaam, kuuona Ukumbi wa Karimjee, ambamo wabunge walikutana wakati nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961 na kwa miaka mingi baadaye.

Gari tuliyokodi ilikuwa na viti 29, na waliojiandikisha walikuwa 30. Ilinipasa kufuta jina moja. Katika orodha ile palikuwa na jina la kijana wa Kimasai, mkatekumeni, ambaye hulinda usiku kwenye uzio wetu na mchana huhesabu siku za kubatizwa kwake. Wazazi wake walihamia upande wetu pamoja na ng'ombe wao, naye Kiswahili chake ni cha polepole. Sikufikiri hata kwa muda wa kusali Salamu Maria moja. Nilichukua kalamu nikalifuta jina lake. Nilijiambia: huyu atachoka bure, hatafuata maneno yatakayosemwa huko, afadhali nafasi apewe mwanafunzi. Kiongozi wa vijana alitazama karatasi, akanyamaza, nami nikauchukua ukimya wake kuwa kibali.

Alfajiri ya safari binti mmoja aliamka na homa. Kiti kikawa wazi. Yule mlinzi alikuwa amesimama langoni, amemaliza zamu yake, shuka begani na fimbo mkononi, akituaga. Nikamwambia, "Ingia basi." Nilimwambia kama mtu ampaye mwenziwe chakula kilichobaki. Akaenda kuweka tochi ya ulinzi mahali pake, akarudi, akaingia, akaketi kiti cha nyuma kabisa.

Tukapita Chalinze, Mlandizi na Kibaha, na kabla ya adhuhuri tulikuwa Dar es Salaam, katika mtaa wenye miti mikubwa, karibu na Bustani ya Mimea na Makumbusho ya Taifa. Ukumbi wenyewe ni mweupe na wa kiasi. Vijana walitazamana. Mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba alitazamia jumba kubwa zaidi. Nikapata nafasi yangu ya kufundisha. Nikasema: nyumba njema si mlango! Wakacheka, tukaingia.

Mzee aliyetuongoza alitueleza habari ambazo yafaa kila jamaa ya Kikristu izijue. Ukumbi ule ulijengwa katika miaka ya 1950 kwa fedha za ukoo wa Karimjee, Wahindi Waislamu wa madhehebu ya Bohora, waliofanya biashara Unguja na bara na kulima mkonge. Mmoja wao, Abdulkarim Karimjee, ndiye aliyekuwa Spika nchi ilipopata Uhuru. Na mwaka 1962 kiti hicho kikashikwa na Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa yule Mkwawa wa Uhehe aliyepigana na Wajerumani. Katika ukumbi ule waliketi Waafrika, Wahindi na Wazungu. Na viti vyenyewe vilikuwa vimegawanywa kwa rangi. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, na asiyefanya hivyo kura yake iliharibika. Hata katika uchaguzi wa mwaka 1960, kati ya viti 71, viti 50 viliachwa wazi kwa mtu yeyote, 11 viliwekwa kwa ajili ya Wahindi na 10 kwa ajili ya Wazungu. Yaani kabla mtu hajafungua kinywa, ngozi yake ilikwisha kumsemea.

Kisha mzee akatueleza juu ya mjadala wa Oktoba 1961. Uhuru ulikuwa umebaki majuma machache. Serikali ilileta shauri juu ya uraia: nani atakuwa raia wa Tanganyika? Wako wabunge waliosimama wakasema kwamba uraia uwe wa Waafrika, na kwamba wengine wasipewe kwa urahisi, kwa sababu ya rangi yao na asili yao. Waziri Mkuu, Julius Nyerere, ambaye leo Kanisa humwita Mtumishi wa Mungu, aliwapinga kwa ukali usio wa kawaida yake. Alishika neno moja: kipimo cha uraia ni uaminifu kwa nchi, si rangi ya ngozi. Aliwakumbusha ubaya uliotendwa na Hitler na watu wake kwa kuwapima watu kwa taifa lao. Akasema wazi kwamba kama Bunge likiikataa kanuni hiyo, Serikali yake itajiuzulu. Kanuni ikapita.

Sasa, ndugu zangu, tusiwahukumu upesi wale waliompinga. Walikuwa na kidonda. Katika nchi ile ile walikuwa wameona hospitali ya Mzungu mbali, ya Mwafrika mbali. Shule ya Mhindi mbali, ya Mwafrika mbali. Kazi ile ile, mshahara tofauti. Mwafrika, mwenye watu karibu milioni 9, alikuwa amewekwa daraja ya mwisho nyumbani kwake. Mtu aliyepigwa miaka mingi huona fimbo katika kila mkono ulioinuliwa, hata mkono unaomwamkia. Walikuwa na haki ya kulia. Kosa lao lilikuwa kumtaka mtoto wa jirani alipe deni ambalo hakulikopa.

Mzee alipomaliza, aliuliza kama yuko mwenye swali. Wanafunzi wangu, wale niliowahesabu kuwa watafuata maneno, walitazama chini. Wengine walikuwa wakipiga picha. Ndipo sauti ikatoka nyuma, ya polepole, yenye kuchagua kila neno kama mtu avukaye mto kwa mawe. Alikuwa yule mlinzi wetu. Aliuliza: "Wale waliotaka kuwabagua wengine, waliposhindwa, walifanywaje? Walifukuzwa?"

Mzee alimtazama kwa muda, kisha akajibu kwamba la, hawakufukuzwa. Walibaki na viti vyao.

Kijana akatikisa kichwa akasema, "Ni vema. Kwetu mtu akikosea barazani hafukuzwi barazani. Akifukuzwa, atajifunzia wapi?"

Wapenzi wasomaji, nimehubiri miaka mingi, na sijui kama nimepata kusema neno zito kama lile kwa maneno machache kiasi kile. Nikajua pia kwa nini aliuliza. Ndani ya ile gari walikuwamo vijana ambao baba zao, na pengine wao wenyewe, husema hadharani kwamba mfugaji ni mtu wa kuharibu tu. Yeye huyasikia maneno hayo akiwa langoni usiku. Hakuuliza habari za mwaka 1961 peke yake. Aliuliza jinsi ya kukaa na watu waliokwisha kumhukumu, naye hakutaka wafukuzwe. Na wa kwanza katika watu hao alikuwa mimi, niliyefuta jina lake kwa kalamu.

Mwaikumbuka habari ya Nathanaeli katika Injili ya Mtakatifu Yohane. Filipo alimwendea kwa furaha, akamwambia kwamba wamempata yule aliyetabiriwa, naye ni Yesu wa Nazareti. Nathanaeli aliposikia jina la Nazareti, alikwisha kuamua. Hakuuliza Yesu huyo anafundisha nini wala ametenda nini. Alitia shaka kama kijiji kile chaweza kutoa kitu chema. Angalieni basi mambo mawili.

La kwanza ni jibu la Filipo. Hakubishana, wala hakuleta ushahidi juu ya sifa za Nazareti. Alimwalika tu aende akajionee. Ndiyo methali yetu: fungua uingie ndani. Hukumu ya haraka haiponi kwa mabishano. Hupona kwa kukaribia. Na tukitaka kumsifu Nathanaeli, tumsifu kwa hili, kwamba alikwenda. Alikuwa na neno la dharau kinywani, lakini miguu yake haikukataa mwaliko.

La pili ndilo lililonichoma siku ile. Bwana wetu alimwona Nathanaeli akija. Alijua lililosemwa juu ya kijiji chake, mahali alipolelewa na Mama yake na Mtakatifu Yosefu. Angeweza kumlipa dharau kwa dharau. Badala yake alimpokea kwa sifa, akamtaja kuwa Mwisraeli wa kweli asiye na hila. Aliyehukumu kijiji kizima kwa jina lake, yeye mwenyewe hakuhukumiwa kwa neno lake moja. Bwana aliingia ndani ya nyumba ile akapita mlango wake mbovu, akaona moyo mnyofu. Na kutoka hapo Nathanaeli akawa mfuasi.

Hapa yafaa tuseme wazi, kwa kuwa wako watakaouliza: Je, Padre, yatupasa tufumbe macho? Ng'ombe wakiingia shambani mwangu usiku mmoja wakala jasho la msimu mzima, nisiseme? La, useme. Kanisa halijafundisha kamwe kwamba uovu usihukumiwe. Tendo likionekana, lipimwe. Mwenye ng'ombe ajulikane, aitwe mbele ya wazee au mbele ya sheria, alipe. Hiyo ni haki, na bila haki amani haidumu. Wala si dhambi kufunga mlango usiku, wala kuweka mlinzi. Lakini mambo mawili tusiyachanganye. Kupima tendo la mtu baada ya kulijua ni haki. Kumpima mtu kabla ya tendo lolote, kwa shuka lake, kwa kabila lake, kwa dini yake, kwa nyumba aliyozaliwa, hiyo ndiyo hukumu ya haraka, nayo imekatazwa katika amri ya nane pamoja na masingizio na masengenyo.

Kwa nini katika amri ya nane? Kwa sababu ni uongo. Ninaposema juu ya mtu jambo nisilolijua kana kwamba nalijua, nimesema uongo, hata kama nimelisema moyoni tu. Tena ni uongo wenye kudhuru, kwa maana humnyang'anya mwenzangu jina jema, na jina halirudishwi kwa wepesi kama vile fedha. Mfugaji mwaminifu akatwa ng'ombe wake kwa panga kwa sababu ya mfugaji mwingine mwenye hatia. Mkulima mpole aitwa mchochezi kwa sababu ya ndugu yake mwenye hasira. Kila upande una wafu wake na hasara zake, na kila upande una hakika kwamba wa upande wa pili wote ni wamoja. Dhambi hii haina mahali pa kusimama. Akimaliza kabila, mtu hugeukia ukoo. Akimaliza ukoo, hugeukia nyumba. Mwishowe hukaa peke yake, amewahukumu wote. Katika miaka ya 1990 Mwalimu Nyerere, akiwa mzee, aliulinganisha ubaguzi na kula nyama ya mtu: aliyekwisha kuionja haachi.

Tulirudi kwa njia ya Bagamoyo, ili kutokea Msata na kushuka Lugoba. Tulisimama kidogo Misheni, ambapo Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868. Pale, mwezi wa Februari mwaka 1874, ulifikishwa mwili wa David Livingstone, aliyekufa katika nchi ambayo leo ni Zambia, tarehe 1 Mei 1873. Walioubeba ni watumishi wake Waafrika, Chuma na Susi na wenzao, kwa safari ya miezi mingi katika nchi za njaa na vita. Nyakati zile wasafiri wa Kizungu waliandika mara kwa mara kwamba wapagazi ni watoro na wezi. Wale walikuwa na kila nafasi ya kutoroka: bwana wao amekufa, hakuna wa kuwalazimisha, wala hakuna aliyewaahidi mshahara. Walipofika Unyanyembe, Mzungu mmoja aliyewakuta huko aliwashauri wamzike papo hapo. Wakakataa, wakaendelea hadi pwani. Nani angeliweza kuyajua hayo kwa kuwatazama tu na mizigo yao vichwani?

Katika uwanja ule wa Misheni nilimwita kijana wetu pembeni. Nilimwambia kwamba jina lake lilikuwa katika orodha, na kwamba ni mimi niliyelifuta, na sababu yake nikamwambia. Sikutaka kufanya hivyo. Padre naye ana kiburi chake, tena kiburi cha padre huvaa kanzu nyeupe. Kijana alikaa kimya, akachora ardhi kwa ncha ya fimbo. Kisha akasema, "Najua, Padre. Niliiona karatasi mezani usiku, nilipopita kufunga madirisha." Akaongeza, "Nilikuja langoni ili kama kuna nafasi, unione."

Alijua, na alikuja. Angeliweza kunihesabu nami kuwa mmoja wa wale, akafunga moyo wake, na labda mafundisho ya ubatizo nayo angeyaacha. Lakini alinipa nafasi ya pili ambayo mimi sikumpa hata ya kwanza. Hapo niliona ya kuwa lile neno la barazani aliyekwisha kulitimiza ni yeye mwenyewe, tena kwa ajili yangu.

Basi, baba na mama wa jamaa za Kikristu, tutokapo katika kusoma habari hii tufanye nini? Nasema mambo matatu, tena ya nyumbani.

Kwanza, tuangalie ndimi zetu mezani. Mtoto hazaliwi akijua kwamba kabila fulani ni wezi, au watu wa dini fulani ni wabaya, au waliotoka mkoa fulani ni wachawi. Huyapata hayo pamoja na ugali. Baba asemaye hivyo mara moja kwa mzaha, mwanawe atalisema mara kumi kwa imani.

Pili, tuulize. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzoni mwa kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, alifundisha kwamba Mkristu mwema awe tayari zaidi kulipokea neno la jirani kwa maana njema kuliko kulilaumu. Na kama hawezi, amwulize jirani alikuwa na maana gani. Tazama jinsi ilivyo rahisi: amwulize. Ni ugomvi mwingi kiasi gani kati ya wakwe, kati ya majirani, kati ya wanajumuiya, ungekwisha kwa swali moja lililoulizwa kwa upole? Mimi ningalimwuliza yule kijana, "Je, ungependa kwenda? Wataka kuona nini huko?" nisingalilifuta jina lake.

Tatu, anayetuhukumu tusimfukuze barazani. Hili ndilo gumu kuliko yote. Ni rahisi kumpenda anayebaguliwa. Ni vigumu kumvumilia anayebagua, na hasa anapotubagua sisi. Lakini naye ni nyumba yenye mlango mbovu. Huenda ndani mna kidonda cha zamani, au hofu, au uongo aliolishwa utotoni. Tumpinge kwa nguvu kama alivyopinga yule Waziri Mkuu mwaka 1961, wala tusiiache haki hata kidogo. Ila kiti chake tusikiondoe. Atajifunzia wapi?

Siku moja sote tutasimama mbele ya Hakimu mmoja. Mwenyezi Mungu aliye ndani ya kila nyumba na ajuaye kila chumba, hatatupima kwa mlango. Kama angetupima kwa mlango, ni nani kati yetu angeokoka? Bwana wetu ametuonya kwamba kipimo tunachowapimia wenzetu ndicho tutakachopimiwa. Nami nikikumbuka ile kalamu na ile karatasi, naogopa, na papo hapo napata matumaini, kwa kuwa aliyedhulumiwa nayo amekwisha kunisamehe.

Tumwombe Mama yetu Bikira Maria, ambaye watu wa siku zile walimwona kuwa mwanamke wa kawaida wa kijiji kilichodharauliwa, atuombee macho ya Mwanae. Na Jumapili ijayo, baada ya Misa, kila mmoja wetu amtafute yule ambaye jina lake alilifuta zamani moyoni mwake, amwamkie, amwulize habari za nyumbani kwake, na akikaribishwa, aingie.